Wifi, Kuku Wako wa Maepo Ameniaibisha

Wifi yangu Konsolata,

Mwakeye huko uliko. Sisi huku Titye tumeamka, mvua imenyesha, maharage yanatoa maua, na mimi nina aibu. Nakuambia mapema usije ukadhani nakusalimia tu. Unanijua, salamu zangu ni ndefu, na ndani yake huwa kuna habari ya jirani na ya jirani wa jirani. Leo hakuna jirani. Leo ni mimi.

Barua hii nimesema isomwe na yeyote anayetaka. Maneno niliyasema mbele ya soko zima, sasa nikuombe msamaha chumbani peke yangu kama mtu anayelamba sukari? Hapana. Mwandiko ni wangu, wa darasa la nne lile lile, watakaoshindwa kuusoma waje niwasomee.

Unakumbuka ulipokuwa Kibondo, kwenye jiko la wale wazungu wa kambi ya wakimbizi? Ulikuwa unarudi mwisho wa mwezi na nguo zinanuka siagi, na maneno mapya kila mara. Siku moja ukaniambia kuku anapikwa na matunda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza, "Na ugali je, wanaupika na maua?" Wewe ulikuwa hubishani na mtu, ulikuwa unasubiri siku yako.

Siku yako ikaja nilipomzaa Jeni. Nimelala ndani, mgongo umekufa, wewe ukafika kutoka Kibondo na maepo umeyafunga kwenye pindo la kitenge kama mayai. Yalikuwa mekundu. Mimi epo nilikuwa nimeliona kwenye picha tu. Ukamkamata jogoo wa kaka yako bila kuomba ruhusa, ukamkata, ukamkaanga taratibu mpaka akawa rangi ya kahawia, ukatia vitunguu, ukatia yale maepo na maganda yake. Halafu ukasimama, mikono kiunoni.

"Sasa hapa," ukasema, "wazungu wanamwaga saida."

"Saida ndiyo nini?"

"Pombe ya maepo. Iko kwenye chupa, ina povu."

"Basi nenda ukainunue pale kwa Mama Shukuru," nikakutania, maana Mama Shukuru alikuwa anauza chumvi na kiberiti tu.

Ukaangalia nyuma ya mlango. Kulikuwa na dumu la kaka yako la urwarwa, pombe ya ndizi aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya wageni wa mtoto. Ukasema pombe ya tunda ni pombe ya tunda, ukaimwaga, ukafunika. Kaka yako alivyorudi shambani akalitikisa dumu lake. "Urwarwa wangu ameunywa nani?" Ukamjibu hata kugeuka hukugeuka: "Kuku."

Alikasirika mpaka alipoonja. Wifi, ule mchuzi. Utamu uko mbele, uchachu unakuja nyuma yake, na epo limelainika lakini bado linajijua kuwa ni epo. Kaka yako alipangusa sufuria kwa tonge la mwisho la ugali, akalala, urwarwa hakuutaja tena. Mimi nilikuwa nimechoka kuliko ng'ombe wa kulimia, lakini usiku ule nilijiona malkia.

Baada ya hapo tulipika shughuli ngapi pamoja, mimi na wewe? Harusi za Titye, za Kasulu mjini, misiba, ubatizo. Wewe kwenye sufuria, mimi kwenye kukata vitunguu na kuongea. Nikianza kumsema mama wa bibi harusi, au viatu vya bwana harusi, unanyoosha mkono kimya kimya unanifinya paja. Hapa juu ya goti, upande wa ndani. Nilikuwa narudi nyumbani na alama. Nikalizoea hilo finyo kama mtu anavyozoea kengele ya kanisa, nikilisikia najua nimefika mwisho. Tangu uondoke, wifi, hakuna anayenifinya. Ndiyo shida yenyewe.

Kule wodini, siku zile ulipokuwa unaongea kwa kupumzika pumzika, ulinishika mkono ukaniambia, "Ester akiolewa, mpikie kuku wangu. Wajue alikuwa na mama." Nikakuambia usijali. Nikakuambia na chumvi nitaweka sawa, maana ulikuwa unasema mimi naogopa chumvi. Ulicheka kidogo. Ndiyo kicheko chako cha mwisho mimi kukisikia, nimekiweka.

Basi Ester amepata mchumba. Anaitwa Daudi, fundi seremala wa Kakonko, kijana mtulivu, ana mikono mikubwa na sauti ndogo. Baba yake Ester unajua habari zake, alikwenda Mwanza na akakaa Mwanza. Kwa hiyo posa ikapokelewa hapa, kwa mjomba wake, kaka yako. Nikasema hapa hapa ndipo Konsolata atakapoingia mlangoni.

Siku hizi maepo yanauzwa hadi Kasulu sokoni, yamepangwa yanang'aa, yamebandikwa vikaratasi. Nikachagua magumu kama ulivyonifundisha. Nikaulizia saida kwenye maduka yote yenye friji, vijana wakanicheka, mmoja akanionyesha msichana anaitwa hivyo. Basi nikafanya kama wewe. Nikachukua urwarwa mzuri, umekaa, hauna uchungu, nikamwaga kwenye kuku, nikafunika, nikawa naunusa mvuke wake na machozi yananitoka, nasema ni vitunguu.

Sasa sikiliza hapa. Nilijua wakwe wameokoka. Nilijua hawanywi. Baba Daudi ni mzee wa kanisa, mrefu, mpole, anashika kofia kwa mikono miwili. Lakini kwa akili yangu mimi kunywa ni kunywa na mchuzi ni mchuzi. Pombe ikishachemka ni nani tena anaiita pombe? Wewe uliimwaga, na hakuna aliyelewa.

Unajua desturi yetu. Baba wa kijana ndiye anaonja kwanza, anawekewa firigisi mbele yake, peke yake kwenye kisahani. Akiitafuna, mazungumzo ya mahari yanafunguka. Asipokula, hakuna haja ya kusema, amesema: binti yenu hatumtaki.

Nikamnawisha mikono mwenyewe. Nikaweka firigisi, nikaweka mchuzi juu yake na kipande cha epo. Baba Daudi akaomba, akatia firigisi mdomoni, akatafuna mara moja. Akasimama. Yaani mdomo ulisimama. Akafumba macho kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake kutoka mbali. Halafu akanyanyuka, akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba. Sote tukabaki tunasikiliza kuku wa nje wanavyoparua. Akarudi ameshanawa mdomo, akakaa, akaniambia taratibu kabisa, "Mama, kama kuna maharage, naomba maharage."

Maharage, wifi. Siku ya posa. Yalikuwepo ya watoto, yamelala tangu jana. Kaka yako alikakamaa kama mlango. Ester alikuwa pale pembeni na jagi la maji, hakuliweka chini. Tukampa. Akala maharage yale mpaka yakaisha, akashukuru. Wengine hawakujua wale kuku au waache, wakadonoa donoa. Mahari hayakuzungumzwa. Wakaaga mapema, eti njia ya Kakonko ni ndefu.

Hapo ndipo ulipaswa kunifinya.

Gari lao halijapotea kwenye kona, mimi niko jikoni na wanawake waliokuja kusaidia, Mama Shukuru akiwa mmoja wao. Nikasema, "Mmeona? Ametema. Amemtema mtoto wa Konsolata nyuma ya choo changu." Mama Shukuru akauliza kwa nini sasa. Na mimi, badala ya kusema sijui, maana kweli sikujua, nikasema, "Si kwa sababu ya asili ya kina Konsolata? Wanaona hawa ni watu wa kambini. Chakula cha mkimbizi kinamkaba."

Nilisema hivyo, wifi. Mimi Muha wa hapa hapa Titye, ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoka wapi. Ninyi ndio mliovuka mpaka kutoka Burundi, wewe ukiwa mgongoni, mkalima, mkasali, mkapata uraia, na bado neno hilo likisemwa njiani kaka yako anageuza shingo. Nimelala na huyo mwanaume miaka yote naiona hiyo shingo. Nikachukua kidonda chenu nikakitembeza kama sinia la maandazi.

Jioni neno lilikuwa sokoni. Kesho yake, sokoni Kasulu, nikaambiwa habari yangu mwenyewe na mtu asiyejua kuwa ni yangu. Ilikuwa imenenepa. Eti mzee wa Kakonko alitemea kwenye sahani, akasema yeye hali chakula cha wakimbizi. Sikuwa nimesema hivyo. Lakini hiyo habari niliijua kama mtoto wangu, ilikuwa na pua yangu.

Na Ester akasikia. Hakulia. Alikunja vile vitenge Daudi alivyomletea, akavifunga vizuri, akavirudisha kwa gari la Kakonko. Simu ikilia anaiangalia mpaka inyamaze. Kaka yako akaanza kula peke yake nje. Nyumba ikawa kimya, na mimi ndani ya kimya hicho bado najisifu kwa majirani kuwa tumewaonyesha.

Mpaka siku Ester alipokuja jikoni, simu mkononi. Alikuwa amepokea simu ya Daudi, mwishowe.

"Mama, kwenye kuku uliweka nini?"

"Kuku wa mama yako. Vitunguu, maepo."

"Na nini?"

"Na ile ya kumwagia."

"Urwarwa?"

"Sasa saida ningeitoa wapi, mwanangu?"

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia. Baba Daudi alikuwa mlevi, wifi. Si mnywaji, mlevi. Alikunywa shamba, akanywa mbuzi, mwisho akapanda juu ya nyumba yake akabandua mabati akayauza, mvua ikawa inawanyeshea watoto wamelala. Daudi ni mmoja wao. Siku alipoacha aliacha yote, hata juisi iliyochacha haigusi, anaogopa. Na firigisi yangu ilipoingia mdomoni aliitambua kabla hajaitafuna vizuri.

Angeweza kusema, "Mama, humu mna pombe." Angekuwa na haki. Lakini angeniaibisha mimi mbele ya wakwe, siku ya shughuli yangu. Akaona heri sisi tumwone ana kiburi. Akameza maharage ya jana na akameza na jina baya, akapanda gari akanyamaza. Na mimi niliyesitiriwa ndiye niliyekuwa natangaza.

Wifi, nimewahi kuona aibu. Unakumbuka nilivyomsifia marehemu kwenye msiba kumbe nimekosea nyumba. Tulicheka mwaka mzima. Hii si ile.

Ester hakunifokea. Aliniambia tu, "Mama yangu alisema wajue nilikuwa na mama. Wamejua." Akaingia ndani. Angenipiga ingekuwa nafuu.

Nikaenda sokoni. Nilianza na Mama Shukuru, siku hizi anauza nyanya. Nikamwambia yule mzee hakutema kwa sababu ya asili ya mtu, alitema pombe niliyompa mimi, na ile habari ya wakimbizi niliitoa kichwani mwangu. Akapanga nyanya zake, akasema, "Nimekusikia, Mama Jeni. Lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

Nikaenda kwa wa dagaa, kwa wa mawese, kwa wale wa mitumba. Ile ya kwanza niliisema mara moja ikakimbia yenyewe hadi Kasulu. Hii ya pili naisukuma kama toroli lisilo na gurudumu. Wengine wananicheka, "Leo umekuwa shahidi?" Nacheka nao, maana kulia sokoni kunafukuza wateja. Bado wapo wanaoisimulia ile ya kwanza. Nitakufa na wao wanaisimulia.

Kisha mimi na kaka yako tukapanda gari kwenda Kakonko na kuku mzima kwenye kikapu, mtetea, kuomba radhi kama inavyotakiwa. Kaka yako njia nzima alisema kitu kimoja tu, tukishapita Kibondo: "Ukifika, maneno machache." Nikamwambia sawa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mawingu.

Nilipiga magoti mlangoni kwa Baba Daudi, nikamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikatoka, "Baba, ni mimi mwenye urwarwa." Basi.

Yule mzee akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Kuku tena?" akasema. "Huyu naye amekunywa?"

Watu wa nyumba yake wakaangua kicheko, na kaka yako pia, mara ya kwanza tangu posa. Mimi nikashindwa yale maneno machache. Nikamweleza habari yako. Nikamwambia Konsolata alikuwa wifi yangu, kuku yule ni wake, nilitaka awepo mezani. Nikamwambia na lile neno la kambini nililolisema, kwa kinywa changu, na kaka yako akisikia. Hilo lilikuwa gumu kuliko pombe. Kaka yako aliinamisha kichwa, sikuthubutu kuiangalia shingo yake.

Baba Daudi akampokea yule kuku. Akasema, "Mama, mimi nimewahi kuuza paa juu ya vichwa vya wanangu. Nitaanzia wapi kumhukumu mtu kwa ulimi?" Halafu akasema yale maepo, lakini, yalikuwa matamu. Akauliza kama kuku yule anapikika bila kile kitu. Nikamwambia sijui. Ndiyo neno la kweli nililolisema mwezi ule mzima.

Kurudi tena kuposa, akasema, atarudi, ila Ester mwenyewe aseme.

Ester alisema wiki ilipoisha. Alisema waje, na kupika atapika yeye, mimi nikae mbali na sufuria. Nikakaa mbali, nikamenya ndizi. Nikamwona anachemsha maganda ya maepo na vipande vingine mpaka maji yawe mazito, anakamulia ndimu, anaonja, anaongeza. Hakuniuliza kitu. Ndivyo na wewe ulivyokuwa unaonja, tone la kijiko nyuma ya kiganja. Sikumwambia. Nilijifinya paja mwenyewe, pale pale.

Wakaja. Baba Daudi akanawa, akawekewa firigisi. Hakuna aliyepumua. Akaikata katikati kwa vidole, nusu akaitia mdomoni. Akatafuna, tukawa tunaangalia koo lake kama watu wanaoangalia mto. Akameza. Akasema, "Asante, binti." Ester akaweka jagi chini, akafunika uso kwa upande wa kitenge.

Nusu iliyobaki ilikuwa bado kwenye kisahani. Yule mzee akakishika, akageuka kwenye mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama nyuma ya wenzangu, akaninyooshea. Firigisi, wifi. Mwanamke gani hapa Titye amewahi kupewa firigisi mbele ya wanaume? Mama Shukuru akanisukuma mgongoni. Nikaenda, nikapiga goti, nikaipokea, nikaitia mdomoni.

Haikuwa kama yako. Ina uchachu zaidi, na ule utamu wa ndizi haupo. Ni ya Ester. Watu walikuwa wananitazama wakisubiri nitasema nini, maana wananijua. Nilitafuna, wifi. Nilitafuna mpaka ikaisha, na mahari yakazungumzwa, na mimi bado sijafungua mdomo.

Pumzika. Harusi ni baada ya mavuno ya maharage, nitakuletea maua ya siku ile nikukalie kidogo. Usinisubirie na habari za watu, sitakuja nazo. Labda moja, ya viatu vya bwana harusi.

Ni mimi wifi yako,
mama wa Jeni, na sasa wa Ester pia, akikubali.